Sekunde Kumi na Moja

Mama alikuwa akicheka na baba sebuleni, na baba tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma.

Nilisimama mlangoni na mfuko wa mboga mkononi. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua bado linachoma nje, lakini mama alikuwa amevuta mapazia yote. Baba aliuliza kwa ile sauti yake nzito, yenye kokoto kidogo kwa chini: "Wewe ukiamka asubuhi, kitu cha kwanza unachosikia ni nini?"

"Wewe, ukikohoa bafuni," mama alijibu.

Kisha baba akacheka, akasema alidhani angetajiwa ndege.

Mazungumzo yale niliyatengeneza mimi, kwa mikono yangu, kwenye kompyuta ya kazini. Nilijua kila neno la baba lililomo na kila pumzi. Hata hivyo nilipita kwenda jikoni kwa kunyata kama mwizi, katika nyumba niliyozaliwa.

Baba alikuwa mtu wa kutia sauti. Filamu zilipokuja kutoka nje na lugha zake, studio yetu ilizivua lugha hizo na kuzivika yetu, na kwa miaka thelathini na moja kila mwanamume wa maana kwenye filamu hizo alisema kwa koo la baba: majenerali, majambazi, madaktari, na farasi mmoja wa katuni ambaye watoto walimpenda kuliko wote. Kazini walimwita Kinanda. Dukani watu walipomsikia akiomba sabuni waligeuka wakitafuta jitu, wakamwona mzee mfupi aliyejifunga skafu shingoni kwenye joto.

Nyumbani hakusema. Daktari wa koo alimwambia tangu ujana wake kwamba sauti yake ni mtaji na mtaji hauchezewi, naye akalishika neno hilo kama dini. Akirudi kazini alikunywa maji ya uvuguvugu, akafunga mdomo mpaka kesho yake. Akitaka chai aligonga meza mara moja. Akitaka chumvi, mara mbili. Jambo kubwa zaidi ya chumvi aliliandika kwenye karatasi. Mama, ambaye alikuwa mshonaji na mtu wa maneno, alizungumza na wateja barazani kwa sauti iliyoupita mlio wa cherehani yake, na kila aliyekuja kupimwa gauni alisikia mzaha uleule: "Mimi nimeolewa na redio iliyozimwa." Walicheka. Nilicheka na mimi, binti yao wa pekee, huku nikiokota pini sakafuni. Nilichelewa sana kuelewa kwamba mwanamke akirudia mzaha mmoja kwa miaka thelathini, huyo hafanyi mzaha.

Nilipotimiza miaka ishirini na miwili niliajiriwa studio ileile kuwa fundi mitambo. Ndipo nilipoanza kumsikia baba yangu. Yeye alikaa kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, mimi nikakaa upande wa pili wa kioo na mashine zangu, na kwa saa nane kwa siku nilimwagiwa sauti niliyonyimwa utotoni. Jioni tulirudi nyumbani kwa miguu, bega kwa bega, bila neno.

Kisha ikaja filamu moja, miaka saba kabla hajafa. Mwanamume na mwanamke wamekaa kwenye chumba cha kusubiria treni. Treni imechelewa. Wanazungumza. Basi. Dakika tisini na nne, hakuna anayepigwa, hakuna anayekimbia, wala hawabusiani. Bosi wetu aliitazama nusu akashika kichwa. Alisema hakuna hata kofi moja humu, na nani atakaa kutazama watu wakipiga soga mpaka jua lizame. Baba, ambaye hakuwa na kawaida ya kupoteza sauti bure, alimuuliza kama mkewe alimpata kwa kofi au kwa maneno. Bosi akasaini.

Nimeifikiria filamu hiyo zaidi ya ninavyopenda kukiri, nami nadhani najua kwa nini iliwashika watu. Filamu nyingine unazitazama. Hii uliikalia karibu, kama unavyokaa mkahawani jirani na meza ya watu wawili wanaozungumza vizuri, chai yako ikapoa huku ukijifanya unasoma gazeti. Walianza na mambo ya hovyo, mizigo, joto, kiatu kinachobana. Halafu mmoja akasema ukweli mdogo, mwenzake akaulipa kwa ukweli mkubwa kidogo, na wewe mtazamaji ukagundua kwamba huogopi tena kitakachotokea, unaogopa kitakachosemwa. Wanawake wa sokoni waliipenda kuliko filamu za mabomu. Fundi wa baiskeli jirani na studio aliniambia amemwuliza mkewe, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alikuwa anaogopa nini alipokuwa mdogo, na walikaa mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Na kulikuwa na mwisho wake. Treni inasikika kwa mbali. Mwanamume anasimama, anachukua mkoba, anasema: "Treni hiyo. Nimekuwekea nafasi karibu na dirisha. Unakuja?" Kamera inabaki kwenye uso wa mwanamke kwa sekunde kumi na moja. Hasemi. Halafu giza, na majina ya waliotengeneza yanapanda. Watu waligombana juu ya sekunde zile kumi na moja, kwenye foleni na kwenye harusi, wengine wakiapa kwamba alikwenda na wengine kwamba alibaki. Baba aliulizwa mara mia. Aliwaonyesha koo lake, akatabasamu.

Sasa nieleze jinsi tulivyoirekodi, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Waigizaji wa sauti hawakai pamoja. Kila mmoja anakuja siku yake, anasema maneno yake peke yake, na fundi huyaunganisha baadaye. Lakini mtu hawezi kujibu hewa. Kwa hiyo fundi, kutoka upande wa pili wa kioo, humsomea maneno ya mwenzake kupitia vidude vya masikioni. Husoma kavu, bila kupandisha wala kushusha, kwa sababu kazi ya msomaji ni kumpa mwenzake maneno, si kumwigizia. Akishasoma hunyamaza kabisa, asije akaingia kwenye rekodi.

Kwa hiyo yule mwanamke wa kwenye kituo cha treni, kwa siku tatu, alikuwa mimi. Baba aliniuliza nikiamka nasikia nini. Aliniuliza kama nimewahi kunyamaza kwa sababu nilikuwa na mengi mno ya kusema. Nilimsomea majibu yaliyoandikwa na watu nisiowajua, naye akanijibu kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, macho yake yakiwa kwenye karatasi. Yale ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na baba yangu. Siku ya tatu nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuzima mitambo. Mwigizaji wa kike alikuja wiki iliyofuata, akaweka sauti yake tamu pale palipokuwa na yangu kavu, na mambo yakaisha.

Alipokufa baba, mama hakulia sana mbele za watu. Mwezi wa tatu aliniita barazani, akaniambia jambo linalomsumbua. Alisema hakumbuki kauli ya baba hata moja iliyovuka maneno kumi. "Kila nikitaka kumkumbuka anasema," alisema, "nasikia meza ikigongwa."

Wiki hiyo televisheni ilirudia ile filamu kwa heshima yake. Mama hakuwahi kuitazama mpaka mwisho. Aliitazama siku hiyo bila kuweka mgongo kwenye kiti, na ilipokwisha alikuwa amekasirika kama mtu aliyeibiwa. Alisema kumbe baba alikuwa nayo. Maneno yote yale alikuwa nayo, akampa mwanamke wa kwenye picha.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo fundi mitambo peke yake angelifanya, na mtoto mwenye akili asingelifanya. Nilikwenda kazini, nikachukua rekodi ya baba peke yake kutoka kabatini, nikaiweka juu ya picha pamoja na kelele za kituo, na sauti ya mwanamke nikaiondoa yote. Pale alipokuwa akisema, nikaacha mapengo. Nikaitia kwenye flashi, nikampelekea mama. Nilimwambia sasa anayezungumziwa ni yeye, ajibu anavyotaka.

Mwanzoni lilikuwa jambo jema. Mama aliona haya siku ya kwanza, akajibu kwa kunong'ona kama msichana anayesalimiwa na mgeni. Siku ya nne alikuwa anamtania. Wiki ya pili ndipo nilipomkuta akicheka, siku ile ya mfuko wa mboga. Maneno ya baba hayakubadilika, yangebadilikaje, lakini mama alijua kuyalenga majibu yake mpaka yale yaliyofuata yakakaa sawasawa, kama anavyojua kukata kitambaa kidogo kikatosha gauni. Nilimwambia hivyo kwa utani. Akanijibu kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, nisishangae yakimtoa mtu kaburini.

Sikuupenda mzaha huo, nikamwambia hivyo. Hakuutoa tena.

Kisha akaanza kubania sauti. Mara ya kwanza nilidhani ni lile jino lake la mbele, ambalo daktari alimng'oa wiki hiyo, likaacha mwanya uliomfanya apige mluzi bila kutaka akitamka maneno. Mteja akimsalimia alitikisa kichwa tu. Akinywa, ni maji ya uvuguvugu. Siku moja ya joto nilimkuta barazani amejifunga skafu shingoni, ile ya baba, anashona bila kunyanyua uso, na wanawake wawili waliokuja kupiga soga wamekaa wakitazamana. Aliiweka sauti yake yote kwa ajili ya saa kumi. Saa kumi ikifika alivuta mapazia, na nilimsikia kutoka chumbani kwangu akizungumza kwa dakika tisini na nne kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Alikonda. Chakula nilichomwachia nilikikuta kama nilivyokiacha. Nilimwambia tumwone daktari, akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Asubuhi moja, tukiwa mezani, aligonga meza kwa kifundo cha kidole mara moja, nami nilikwisha kumimina chai kabla sijajua nimefanya nini. Nilitua birika. Niliogopa kwamba baada ya kumpoteza baba aliyekuwa hasemi, nampoteza na mama, na nimeifanya kazi hiyo mwenyewe.

Ilikuwa siku ya pili baada ya chai ile aliponisemesha mchana.

"Kuna mwanamke humo ndani," alisema.

Nilimwuliza mwanamke gani. Akasema kwenye mapengo. Baba akinyamaza, kabla yeye mama hajajibu, kuna mwanamke anajibu kwa chini, mbali, kama yuko chumba cha pili. Alikuwa akimsikia kwa siku nyingi, na alitaka kujua ni nani huyo aliyekuwa na baba mpaka humo. Aliuliza kwa utulivu, lakini skafu alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Nilicheka kwa nafuu, maana jambo hilo nililielewa mara moja. Baba alikuwa na sikio moja zito, alitaka vidude vyake vya masikioni vipige kwa nguvu, na sauti yangu ilivuja ikaingia kwenye kipaza sauti chake. Kwenye filamu kamili haisikiki kwa sababu sauti ya mwigizaji inaifunika. Mimi nilipomwondoa mwigizaji nilikifunua kilichokuwa chini yake, na kwa haraka zangu sikusafisha. Nilimweleza mama yote hayo. Nikamwambia, "Ni mimi, mama. Nilikuwa namsomea."

Alilipima neno hilo. "Kwa hiyo alikuwa anakwambia wewe."

"Nilikuwa namsomea tu."

"Lakini aliyekuwa anaambiwa ni wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia hata mimi nyumbani nilikuwa napata meza ikigongwa kama yeye, kwamba siku zile tatu ndizo nilizopata, na zenyewe ni maneno ya watu wengine. Mama alininyooshea mkono akanigusa shavu. Nilidhani yameisha.

"Sauti yako naijua, nimeizaa mimi," alisema. "Wale wote wa mwanzo ni wewe. Yule wa mwisho siye."

Nilimwambia hakuna wa mwisho. Baba anauliza, "Unakuja?", na pale kwenye mswada mwanamke hana neno, kwa hiyo mimi sikusoma chochote. Zile ni sekunde kumi na moja tupu.

"Kuna mtu anamjibu," mama alisema. "Na mimi hapo sijawahi kumjibu. Neno bado nalitafuta. Yeye ameshanitangulia." Akachomoa flashi, akaniwekea kiganjani. "Kasikilize. Fundi si ni wewe?"

Kesho yake mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilijifungia. Nilianza na mapengo ya mwanzo na nikajikuta humo, mdogo kwa miaka saba, nikisoma mapenzi kwa sauti ya karani. Mpaka hapo nilikuwa salama. Nikaruka hadi mwisho. Baba akasema treni hiyo, akasema nafasi karibu na dirisha, akauliza. Niliongeza sauti mpaka mashine ikaanza kunguruma.

Kwenye sekunde ya nne mtu alivuta pumzi. Kwenye ya sita, sauti ya mwanamke, chini sana, bila haraka yoyote, ilisema: "Nakuja. Subiri nifunge cherehani."

Nilivua vidude nikaviweka mezani. Nilitazama chumba cha sponji upande wa pili wa kioo. Kiti chake kilikuwa kitupu na taa imezimwa. Nikavaa tena, nikarudia, nikarudia. Kazi yangu ni kuzijua sauti kama wengine wanavyojua nyuso, na hii sikuhitaji kuilinganisha na yoyote. Watu wengi hawaitambui sauti yao wenyewe wanapoisikia kutoka nje. Kila anayekuja studio mara ya kwanza hubisha kwamba si yeye. Mama hakujitambua. Nilitaka nijidanganye kwamba nimefananisha, lakini neno "subiri" lilianza na mluzi mdogo, na mama jino lile aling'olewa mwezi uliopita. Rekodi ilikuwa na miaka saba.

Mashine ya kuchezea filamu haina masikio; haiwezi kurekodi mtu aliyekaa mbele yake. Hata hivyo niliinuka nikafungua kabati, nikatoa rekodi ya asili ya baba, ile ambayo haikuwahi kutoka nje ya jengo, nikaisikiliza. Pumzi kwenye sekunde ya nne. Nakuja. Subiri nifunge cherehani.

Ndipo nilipokumbuka nilichokiona asubuhi nikakipita. Mama alikuwa amefunga vitambaa vya wateja mafungu mafungu, vingine havijakatwa, kila fungu na karatasi yenye jina, akaniomba niwarudishie wenyewe nikipata nafasi. Alisema anapunguza kazi.

Sikukaa kufikiri. Ningekaa, labda ningejiuliza kama neno la mtu ni mali yangu kwa sababu tu nimelikuta kwenye mashine yangu. Nilizikata zile sekunde kumi na moja kwenye flashi, kisha nikazikata kwenye rekodi ya asili, na mahali pake nikaweka kimya safi nilichokitoa kwenye chumba kitupu. Vidole vyangu vilifanya kazi hiyo vizuri, vikiwa baridi. Maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga kwa kukusudia.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Mama alikuwa amekaa sebuleni mapazia yakiwa yamefungwa, mbele ya televisheni iliyozimwa, amevaa gauni la kutokea na skafu ya baba. Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe. Alichukua flashi bila kuniuliza kitu, nami nikakaa pembeni yake kwa mara ya kwanza tangu nimpe. Alimjibu baba kwa dakika tisini na nne. Alikuwa mchangamfu, alikuwa mzuri, na kuna mahali alimwambia jambo kuhusu usiku niliozaliwa ambalo sikuwahi kulisikia na sitaliandika hapa.

Treni ikasikika. Baba akauliza.

Mama aliegemea mbele akisikiliza. Kimya changu safi kilipita, sekunde baada ya sekunde.

"Hayupo," alisema.

Nilimwambia ilikuwa kelele tu ya mitambo, nimeisafisha. Alitikisa kichwa. Sasa uwanja ulikuwa wake peke yake. Akafungua kinywa kujibu, nami nikaona kabisa neno likimfika midomoni, kisha uso wake ukatahayari, kama mtu aliyekutana na rafiki njiani akasahau jina lake. Alifunga kinywa. Akakifungua tena. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

Halafu aliivua ile skafu, akaikunja, akaniuliza kama kuna chakula chochote ndani ya nyumba hii au watu wanaishi kwa upepo.

Mama aliishi miaka sita baada ya siku hiyo. Alirudi kushona kwa muda, mpaka macho yalipomchosha. Na alizungumza na mimi. Sijui nilieleze vipi jambo hili bila kulipunguza: mama yangu alizungumza na mimi kwa miaka sita. Maneno aliyokuwa akimwekea baba yalikosa pa kwenda, akanigeuzia mimi, kuanzia mambo ya hovyo, kiatu kinachobana, jirani mwenye maringo, mpaka ukweli mdogo, na mimi nikaulipa kwa mkubwa kidogo. Tulikuwa tukizungumza huku nikimenya viazi, huku nikimpaka dawa miguuni. Niliipenda miaka hiyo kuliko yote niliyoishi, na sikuwahi kula chakula cha mama bila kujua kwamba miaka hiyo nimemnyang'anya baba.

Filamu aliitazama mara chache, labda mara mbili kwa mwaka, na kila ilipofika mwisho alifungua kinywa, akakosa neno, akaomba nizime.

Alipougua mara ya mwisho alilazwa kwenye chumba cha watu wanne, kitanda cha karibu na ukuta. Asubuhi moja, wauguzi wamekwisha kutandika na jirani zake wamelala, aliniashiria niinamishe kichwa.

"Yule mwanamke uliyemfuta," alisema. "Alikuwa mimi, siyo?"

Ningeweza kumwambia kelele za mitambo. Nilisema ndiyo. Nilimwambia na sababu, kwamba niliogopa, kwamba sikuwa tayari kubaki peke yangu kwenye nyumba ile. Nilimwomba radhi, na nililia, mtu mzima mwenye mvi zangu. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alisema amejua kwa muda mrefu, ila alikuwa na mazungumzo yake na hakutaka kuyakatiza.

"Ulinichelewesha," alisema. "Si kitu. Niambie tu nilisemaje."

Niliinama mpaka sikioni kwake. Nilimsomea kavu, bila kupandisha wala kushusha, kwa sababu sikuijua namna nyingine ya kumpa mtu maneno: "Nakuja. Subiri nifunge cherehani."

Alilisikiliza neno lake likirudi. Midomo ilimcheza kidogo. Akasema cherehani alishampa binti wa jirani mwaka juzi, kwa hiyo hapo itabidi pabadilike.

Kisha akageuza uso ukutani. Nilinyamaza, nikajivuta nyuma na kiti changu, kama tunavyofanya mafundi tukishasoma. Akavuta pumzi, na kwa sauti ya chini sana, ambayo haikuwa yangu, akasema kitu.

Sikukisikia. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijui ni mara ngapi nimembonyezea mtu kitufe nikamwambia samahani, rudia. Nilikaa pale na mikono yangu mapajani, na sikumwambia arudie.